Bunduki ya marisau nusu otomatiki

Bunduki ya marisau nusu otomatiki ni bunduki ya mtutu laini ambayo, baada ya kila risasi, hutumia nguvu ya mlipuko wenyewe kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Mpigaji hulazimika kuvuta traiga upya kwa kila risasi. Hapo ndipo inapotofautiana na silaha otomatiki, ambayo huendelea kupiga mfululizo maadamu traiga imeshikiliwa.

Kuna mifumo mitatu mikuu ya kuendesha bunduki hizi: mfumo wa mtutu unaorudi nyuma, mfumo wa gesi na mfumo wa inesha. Mifumo hii hutofautiana kwa ukali wa teke, kwa namna inavyovumilia uchafu na kwa aina za risasi inazokubali.

Nchini Tanzania tofauti kati ya bunduki inayojipakia na ile inayopakiwa kwa mkono ni suala la sheria pia. Mwindaji wa ndege katika mikoa ya Dodoma na Singida hutazamwa na sheria ya wanyamapori, inayoitaja bunduki inayojipakia kati ya vifaa vilivyokatazwa. Katika mchezo wa kulenga visahani kwenye Olimpiki mambo ni kinyume: bunduki inayojipakia inaruhusiwa, na ya pampu ndiyo iliyokatazwa.

Jina na kipimo

Marisau ni vipira vidogo vya risasi (madini ya plumbi) au vya chuma ambavyo hutoka kwa pamoja na kutawanyika hewani. Kwa sababu hiyo bunduki ya marisau hufaa kwa shabaha ndogo inayokwenda mbio, kama ndege arukaye. Mtaani huitwa shotigani. Mtutu wake hauna mifereji ya ndani kama ule wa raifo, na marisau, kwa kuwa ni vipira vidogo na vyepesi, hupoteza nguvu upesi. Kwa ndege, masafa yenye manufaa kwa kawaida hayapiti mita 30 hadi 40.

Ukubwa wa mtutu hupimwa kwa geji. Geji 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya plumbi ikigawanywa katika mipira 12 iliyo sawa, mpira mmoja utaenea mtutu huo. Kipenyo chake ni takriban milimita 18.5. Kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo mtutu unavyokuwa mwembamba: geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12. Risasi ya geji 12 yenye gramu 24 za marisau ya milimita 2.4 huwa na vipira vipatavyo 300.

Kazi kati ya risasi mbili

Kila bunduki inayopiga zaidi ya mara moja lazima ifanyiwe kazi tano kabla ya risasi inayofuata:

- kufungua komeo, yaani kipande cha chuma kinachoziba chemba ya risasi;
- kutoa ganda tupu na kulitupa nje;
- kukoki nyundo;
- kuingiza risasi mpya kwenye chemba;
- kufunga komeo tena.

Mifumo yote hutofautiana kwa swali moja tu: ni nani anayefanya kazi hizo? Katika bunduki ya kukunja, mpigaji huinamisha mtutu kwenye bawaba, huondoa ganda na kuweka risasi kwa vidole. Katika bunduki ya pampu, husogeza kishikio kilicho chini ya mtutu nyuma na mbele. Katika bunduki nusu otomatiki kazi zote tano hufanywa na mlipuko, na risasi za akiba hukaa katika bomba chini ya mtutu, zikisukumwa na springi.

Mfumo wa mtutu unaorudi nyuma

Huu ndio mfumo wa kwanza uliofanikiwa. Ulibuniwa na Mmarekani John Browning, na bunduki yake iliyokuja kuitwa Auto-5 ilianza kutengenezwa na kiwanda cha FN nchini Ubelgiji mnamo 1902. Iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1990.

Risasi inapolipuka, mtutu na komeo hurudi nyuma pamoja vikiwa vimefungana, kwa urefu unaozidi urefu wa risasi. Kisha komeo huzuiwa nyuma huku springi ikiusukuma mtutu mbele peke yake. Nafasi inayofunguka kati yao ndiyo hutumika kutupa ganda. Mtutu ukishafika mahali pake, komeo huachiliwa, huja mbele na risasi mpya na kufunga.

Mfumo huu ni imara na hauingizi moshi mwingi ndani ya mashine. Kasoro yake ni uzito wa vipande vinavyotembea: mpigaji huhisi mapigo mawili, moja la risasi na jingine la mtutu unaorudi. Pia pete za msuguano zilizo chini ya mtutu hubidi kupangwa upya mtu anapobadili kutoka risasi nyepesi kwenda nzito.

Hataza za Browning ziliwalazimu washindani kutafuta njia nyingine. Kiwanda cha Winchester kilitoa mnamo 1911 bunduki isiyokuwa na mkono wa kukoki kwenye komeo. Ilikokiwa kwa kuusukuma mtutu wenyewe nyuma. Wapo walioegemeza kitako chini na kuukandamiza mtutu huku mdomo wake ukiwaelekea usoni, na bunduki hiyo ikapata sifa mbaya kwa ajali zilizotokea.

Mfumo wa gesi

Katika mfumo wa gesi, mtutu haurudi nyuma. Una kitundu kimoja au zaidi upande wa chini. Marisau yakishakipita kitundu, sehemu ya gesi ya moto huingia ndani yake na kusukuma pistoni. Pistoni husukuma fimbo, na fimbo hurudisha komeo nyuma. Bunduki za namna hii zilianza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1950, na Remington 1100 ya mwaka 1963 ndiyo iliyoufanya mfumo huu uenee sana.

Faida yake kubwa ni teke laini. Nishati haipotei, lakini hulifikia bega kidogo kidogo badala ya kugonga mara moja. Aina nyingi za kisasa zina vali inayotoa nje gesi iliyozidi, hivyo bunduki moja huweza kupiga risasi nyepesi na nzito bila kurekebishwa.

Gharama ya ulaini huo ni uchafu. Gesi huja na masizi, nayo huganda kwenye pistoni, kwenye vitundu na kwenye bomba. Bunduki isiyosafishwa huanza kusuasua: ganda hubanwa njiani au komeo halifungi hadi mwisho.

Mfumo wa inesha

Inesha ni tabia ya kitu chenye masi kukinza badiliko la mwendo wake. Abiria aliyesimama kwenye daladala huijua vizuri: gari likiondoka ghafla, miguu huenda na gari lakini kiwiliwili hubaki nyuma.

Mfumo huu uliendelezwa nchini Italia na mhandisi Bruno Civolani, na ndio ulioipa jina kampuni ya Benelli ya Urbino, iliyoanzishwa 1967. Komeo lina sehemu mbili: kichwa kinachozunguka na kujifunga nyuma ya chemba, na kiwiliwili kizito. Kati yao kuna springi fupi na ngumu. Risasi inapolipuka, bunduki nzima hurudi nyuma, lakini kiwiliwili cha komeo huchelewa, kama abiria yule. Springi hubanwa. Muda mfupi baadaye, marisau yakiwa yamekwisha kutoka, springi hujikunjua, husukuma kiwiliwili nyuma, kichwa huzunguka na kufunguka, na ganda hutolewa.

Hakuna pistoni wala kitundu cha gesi, kwa hiyo masizi hubaki katika mtutu. Bunduki huwa nyepesi na vipande vyake ni vichache. Lakini kwa kuwa mashine huendeshwa na mwendo wa bunduki kurudi nyuma, chochote kinachozuia mwendo huo huweza kuikwamisha: risasi nyepesi mno, mzigo wa vifaa vilivyofungwa juu ya bunduki, au kitako kilichoegemezwa ukutani. Teke lake pia ni kali kuliko la bunduki ya gesi yenye uzito uleule.

Hesabu ya teke

Ukubwa wa teke huweza kukadiriwa kwa kanuni ya kuhifadhi mwendo. Tuseme bunduki ina kilogramu 3.2 na marisau hutoka kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde. Bila kuhesabu gesi na kizibo kilichomo katika risasi:

- marisau ya gramu 24: 0.024 × 400 ÷ 3.2 = mita 3 kwa sekunde, nishati ya jouli 14.4;
- marisau ya gramu 32: 0.032 × 400 ÷ 3.2 = mita 4 kwa sekunde, nishati ya jouli 25.6.

Uzito wa marisau umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nishati inayolifikia bega imekuwa karibu mara 1.8. Hesabu hii inaeleza pia kwa nini bunduki ya inesha hupendelea risasi nzito: mwendo huo wa kurudi nyuma ndio chakula chake. Mwindaji anayepiga mara chache kwa siku hujali kidogo. Mlengaji wa visahani anayepiga mara mia na zaidi kwa siku ndiye hunufaika na ulaini wa gesi.

Ulinganisho

| Mfumo | Teke | Uchafu wa masizi | Risasi nyepesi |
|---|---|---|---|
| Mtutu unaorudi | kali, mapigo mawili | kidogo | hudai marekebisho |
| Gesi | laini | mwingi | hukubali vizuri |
| Inesha | kali kiasi | kidogo sana | huweza kukwama |
| Pampu | kali | kidogo sana | hukubali zote |
| Kukunja | kali | hakuna ndani ya mashine | hukubali zote |

Vumbi la nyanda za kati

Majedwali ya namna hii hutungwa zaidi na watu wa nchi zenye mvua. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake huja kwa msimu mmoja, kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya ukavu na upepo. Msimu wa uwindaji huanza Julai, katikati ya kiangazi, wakati njia za Manyoni, Chemba na Kondoa ni vumbi tupu.

Vumbi hudhuru mashine kwa namna tofauti na masizi. Masizi hutoka ndani na huongezeka kwa idadi ya risasi. Vumbi hutoka nje na huingia hata kama bunduki haijapigwa. Likikutana na mafuta mengi hugeuka tope linalosaga chuma kama msasa. Kwa hiyo silaha yenye vipande vinavyotembea hupakwa mafuta kidogo sana wakati wa kiangazi na hubebwa katika mfuko uliofungwa. Bunduki ya gesi huathirika zaidi, maana vumbi hushikana na masizi yaliyomo tayari. Bunduki ya kukunja huathirika kidogo kuliko zote: chemba yake ikifunguliwa huonekana yote na hufutwa kwa kitambaa.

Bunduki katika historia ya eneo hili

Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi ya Wagogo, ambako viongozi wa wenyeji walitoza hongo kwa ajili ya maji na njia. Bunduki zilikuwa kati ya bidhaa zilizopita humo. Nyingi zilikuwa za kujazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi, kisha marisau au vipande vya chuma. Aina hiyo inaitwa gobore.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji, chini ya masharti. Teknolojia iliyozeeka Ulaya ikabaki kuwa ndiyo iliyo karibu na mkulima na mwindaji wa Afrika. Gobore bado lipo vijijini, na Jeshi la Polisi limeendesha kampeni za kusalimisha silaha zinazomilikiwa isivyo halali, magobore yakiwemo.

Sheria ya uwindaji

Mikoa ya Dodoma na Singida ina mapori ya akiba ya Swagaswaga, Mkungunero, Rungwa, Kizigo na Muhesi. Nje ya hifadhi, ndege wanaowindwa kwa marisau ni hasa kanga na kwale. Hata hivyo kila uwindaji huhitaji leseni, na kumiliki silaha huhitaji leseni nyingine kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Leseni ya kumiliki silaha haimpi mtu haki ya kuwinda.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inaorodhesha njia za uwindaji zilizo haramu isipokuwa kwa kibali cha maandishi cha Mkurugenzi. Pamoja na sumu, magari, mbwa na taa za usiku, inataja silaha otomatiki na nusu otomatiki: zile zinazopiga zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja wa traiga, au zinazojipakia zaidi ya mara moja bila kitendo kingine cha mpigaji. Bunduki ya pampu haiingii katika maelezo hayo, kwa kuwa bila mkono wa mpigaji haijipakii hata mara moja.

Msingi wa katazo hili huonekana kwa kutazama kundi la kanga. Kanga hupenda kukimbia ardhini kabla ya kuruka, na huruka kwa pamoja. Mwenye bunduki ya mitutu miwili hupata nafasi mbili. Akishapakia tena, kundi limekwenda. Mwenye bunduki inayojipakia huweza kuendelea kupiga katikati ya kundi likiwa bado karibu, akaua na kujeruhi zaidi ya alivyokusudia. Mantiki hiyo inapatikana kwingine pia: tangu 1935 sheria ya Marekani inaruhusu risasi tatu tu katika bunduki ya kuwindia ndege wahamao, na Umoja wa Ulaya unakataza bunduki ya nusu otomatiki yenye nafasi ya zaidi ya risasi mbili za akiba. Tanzania imeuweka mpaka mahali pagumu zaidi.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizoitia saini, inazitaka nchi wanachama kupiga marufuku raia kumiliki raifo otomatiki na nusu otomatiki. Itifaki hiyo inalenga silaha za vita. Sheria ya wanyamapori inalenga jambo jingine, yaani idadi ya wanyama wanaouawa kwa tukio moja, na ndiyo sababu haiishii kwenye raifo.

Bunduki ya marisau si jibu kwa kila ndege. Kwelea domo-jekundu, anayeshambulia mashamba ya mtama na uwele, huja kwa makundi makubwa sana hata risasi hazipunguzi chochote. Serikali hutumia ndege za kunyunyizia dawa, na huko Kondoa wakazi huwanasa kwa mitego na kuwala.

Mchezo wa kulenga visahani

Katika mchezo huu shabaha ni kisahani chenye kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi, kinachorushwa na mashine. Huitwa kisahani cha udongo ingawa siku hizi hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa. Katika trapu, visahani hurushwa kutoka handaki lililo mita 15 mbele ya mlengaji na kumkimbia. Katika skiti, hurushwa kutoka vibanda viwili na kupishana mbele yake. Trapu iliingia katika Olimpiki mwaka 1900, na skiti mwaka 1968.

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Kulenga Shabaha (ISSF) zinaruhusu bunduki zote za mtutu laini hadi geji 12, zikiwemo za nusu otomatiki, isipokuwa za pampu. Marisau hayapaswi kuzidi gramu 24 na ushei. Kwa uzito huo bunduki ya gesi hufanya kazi vizuri kuliko ya inesha. Hata hivyo karibu walengaji wote wa ngazi ya juu hutumia bunduki ya kukunja yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Kila kisahani hakihitaji zaidi ya risasi mbili, hakuna komeo linalotembea wakati wa kulenga, na makanda hayarushwi kwa jirani.

Usalama

Bunduki inayojipakia ina hatari moja isiyoonekana: baada ya kupiga, tayari ina risasi nyingine katika chemba. Mtu akijikwaa au akimkabidhi mwenzake silaha akidhani imekwisha, traiga iko tayari. Bunduki ya kukunja ikiwa wazi huonekana na kila mtu kuwa haiwezi kupiga; ya nusu otomatiki hudai komeo livutwe nyuma, chemba itazamwe na bomba la akiba likaguliwe pia.

Hatari nyingine huhusu bunduki zote za marisau. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kimakosa katika bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mpigaji akiona chemba tupu na kuweka ya geji 12 nyuma yake, mtutu huweza kupasuka mkononi. Ndiyo maana maganda ya geji 20 kwa kawaida hutengenezwa ya rangi ya njano.